Chini ya Kizingiti

Dawa ilitoka kwenye kinu saa tatu asubuhi, na kuanzia dakika hiyohiyo ikaanza kufa.

Ndivyo ilivyoumbwa. Kila baada ya saa moja hivi nusu ya nguvu zake hupotea, na jioni ikifika haina tofauti na maji ya chumvi. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi dawa za namna hii zilikuwa za watu wanaoishi karibu na hospitali kubwa tu. Ukiipakia Dar es Salaam kuipeleka Kaliua, itafika imekwisha. Dkt. Nyanzala Kapufi alilijibu tatizo hilo kwa wazo ambalo wakubwa wake walilicheka mwaka mzima kabla ya kulitia saini: kama dawa haiwezi kusafiri, basi kinu chenyewe, ile mashine inayoitengeneza, kisafiri. Sasa kinu kilikuwa kinanguruma ndani ya behewa la nne la treni iliyoitwa Kurunzi, nyuma ya kuta nene za madini ya risasi, na Kurunzi ilikuwa imesimama kwenye stesheni ya Kaliua.

"Sindano ya kwanza iko tayari," alisema Yustina, fundi wa dawa, akitoa kichwa mlangoni. "Daktari, mgonjwa wa kwanza yuko wapi?"

Nyanzala alichungulia dirishani. Wagonjwa walikuwepo, wazee kumi na kitu kutoka Kaliua na vijiji vya jirani. Wote waliwahi kutibiwa saratani ya tezi dume, na wote walikuwa wameitwa kuangaliwa kama ugonjwa umerudi. Lakini walisimama mbali na treni, chini ya paa la umeme wa jua, kila mmoja akijifanya amekuja kumpokea mgeni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupanda ngazi na kuwaonyesha wenzake kwamba na yeye ni mmoja wao.

Ndipo akatokea Mzee Mihayo Lugendo.

Alivaa suti ya kahawia na kofia ya rangi hiyohiyo, na alitembea katikati ya barabara ya stesheni kama mtu anayesubiriwa. Kwa miaka thelathini alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Kulikuwa na watu waliozaliwa, wakakua na kuoa huku sauti yake ikiwasimulia kila Jumamosi nani amempa nani pasi.

"Mabwana!" aliita. "Mbona mmesimama kama mabeki waliofungwa goli la dakika ya kwanza?"

Wazee wakacheka kwa aibu. Nyanzala aliteremka haraka, akapiga magoti kwenye sakafu ya stesheni, koti lake jeupe la udaktari likigusa vumbi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Inuka. Leo wewe ndiye mwenye uwanja."

Mzee Mihayo alikuwa baba mkwe wake. Tangu aolewe na mwanawe Shija, Nyanzala hakuwahi kuketi naye kiti kimoja, wala kumtazama usoni akizungumza, wala kutaja mbele yake kiungo chochote kilicho chini ya shingo. Mzee alikuwa amearifiwa kwamba Tabora yupo daktari wa kiume anayeweza kumpokea. Alikataa. Alisema haendi kumwonyesha mwili wake mtu asiyemjua wakati mmoja wa waliounda mashine ya picha yumo ndani ya ukoo wake.

Aliwageukia wazee wenzake na kunyanyua mkono wa kushoto. Kikuku cha kupimia damu kiling'aa juani.

"Nilikatwa tezi miaka saba iliyopita. Nikapona, nikanenepa, nikasahau. Tangu masika, kikuku hiki kinaniambia kila mwezi kwamba kipimo cha saratani katika damu kimepanda. Hospitalini wamenipiga picha za kila aina, hawaoni kitu. Adui amerudi uwanjani, na mimi sijui amesimama wapi. Mkwe wangu ana taa, nami nakwenda kumulikwa. Anayetaka kunicheka anicheke sasa."

Hakucheka mtu. Alipopanda ngazi, mzee mmoja mwembamba aitwaye Kasele alikohoa, akafunga kifungo cha shati, akamfuata. Kisha akafuata jirani yake, Ntabo. Baada ya dakika chache foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji.

*

"Baba," alisema Nyanzala, macho yakiwa kwenye sindano, "seli za ugonjwa huu zina kitu juu ya ngozi yao, mfano wa ndoano. Seli nyingine za mwili zina ndoano hizo chache sana. Dawa hii inazitafuta, inazing'ang'ania, kisha inatoa mwanga. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Ile pete kubwa ndiyo inayouona."

"Yaani mchezaji wenu anamkaba adui, halafu ananyoosha mkono ili mwamuzi amwone."

"Hivyohivyo, baba."

"Basi mwingize uwanjani."

Ile pete ilikuwa ya Nyanzala na wenzake watano, na iliwachukua miaka tisa. Mashine za zamani ziliweza kuona uvimbe wa ukubwa wa kunde. Yao iliona fungu la seli dogo kuliko punje ya ulezi. Wageni kutoka nchi zilizouza mashine hizo za zamani walikuwa wamekuja kuitazama, wakipiga picha na kuuliza maswali yaleyale mara mbilimbili, na Nyanzala aliwajibu yote bila kuchoka, kwa Kiswahili, huku wakalimani wakihangaika.

Dawa ilipokwisha kuzunguka mwilini, Mzee Mihayo alilazwa chali, akapitishwa ndani ya pete. Programu iliyosoma picha, iliyoitwa Mizani, ilifikiri kidogo. Kisha neno moja la kijani likajitokeza kwenye kioo: SAFI.

Yustina alipiga makofi. Alimsaidia mzee kuvaa viatu na kumsindikiza nje, na sauti ya mzee ikasikika huko ikiwahimiza wengine waingie.

Nyanzala alibaki akikitazama kioo. Wazee wengine watano walipita, na wote wakapewa neno hilohilo la kijani. Lakini yeye bado alikuwa akifikiria kikuku. Kipimo kile, cha protini inayotolewa na seli za tezi dume, hakipandi bila sababu. Tezi iliyokatwa haiwezi kuitoa. Kama kipimo kinapanda, basi mahali fulani mwilini seli za ile tezi zipo na zinazaana.

Watu wawili tu ndani ya treni waliruhusiwa kuifungua picha ghafi, ile ambayo Mizani haijaichuja. Yeye alikuwa mmoja wao, na ruhusa hiyo ilikuwa ya kukagua mashine, si ya kukagua wagonjwa. Aliifungua.

Kulikuwa na punje kwenye nyonga ya kushoto, kando ya mshipa mkubwa wa damu, ndani ya tezi ya limfu. Iling'aa peke yake katika giza la mwili, na mipaka yake ilikuwa mikali kama imechorwa. Kitu cha kwanza alichohisi Nyanzala kilikuwa fahari. Hakuna mashine nyingine duniani ambayo ingeiona. Kisha akakumbuka nyonga ile ni ya nani.

"Mizani imeniarifu kwamba umefungua picha ghafi."

Aliyesema hivyo alikuwa Festo Mwakalukwa, mratibu wa treni kutoka wizarani, mtu mrefu aliyezoea kuinama kila anapoingia behewani. Alifunga mlango nyuma yake.

"Kuna punje, Festo. Na kipimo chake cha damu kinapanda."

"Iko juu ya kizingiti au chini?"

"Chini." Mizani ilikuwa imeamriwa na kamati kuificha punje yoyote iliyo ndogo kuliko kizingiti hicho.

"Basi ameambiwa safi, na atarudi mwaka kesho."

"Mwaka kesho itakuwa imeingia mfupani."

"Labda. Au labda itakuwa palepale." Festo alivuta kiti akaketi. "Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu wa mwaka wa kwanza? Tulikuwa tunawaambia watu kila kitu. Tukamwambia ana punje mbili. Akataka mionzi wiki ileile, akapata, na leo anatembea na mpira wa mkojo. Mwenzake aliyekuwa na punje kama zake alikataa tiba. Tulipomrudia, hazikuwa zimekua hata kidogo. Na yule aliyegawa ng'ombe wake wote, akakaa barazani kusubiri kifo? Bado anasubiri. Kizingiti hakikuwekwa na watu wabaya, Daktari. Nilikuwepo. Kiliwekwa na watu waliochoka kuwaumiza wengine kwa mwanga."

"Najua kwa nini kiliwekwa. Lakini kinapima ukubwa wa punje tu. Hakiisomi damu. Na hakimuulizi mwenye mwili."

"Sawa. Asubuhi hii tumewaambia safi wazee sita. Umefungua picha ghafi za wangapi?"

Nyanzala aliifunga ile picha.

"Mmoja," alisema Festo, kwa upole uliomuuma kuliko ukali. "Ukimwambia huyo mmoja, utakuwa umempa mkwe wako nchi yenye sheria yake. Ukiwaambia wote, leseni yako inasimamishwa leo, na mimi ndiye nitakayeandika. Na Uvinza na Kigoma wanaisubiri treni hii. Fikiria kabla hujanipa kazi hiyo."

*

Mkwe akifika Kaliua hapiti bila kwenda kumsalimu mama mkwe. Saa ya chakula Nyanzala alivua koti jeupe, akajifunga kitenge, akaenda nyumbani kwa wakwe zake kwa miguu. Zamani kote huko kulikuwa mashamba ya tumbaku. Sasa miombo ilikuwa imeota tena, mizinga ya nyuki ikining'inia kila upande. Mama Shija alimpikia ugali na uyoga wa karanga, akamtazama anavyokula, akasema amekonda, akaenda kuongeza.

Ndipo Mzee Mihayo akamwita barazani. Nyanzala aliketi kwenye mkeka, mbali kidogo, uso ameuinamisha.

"Mama, mashine yako imeniambia safi. Kikuku kinaniambia kipimo kimepanda. Wote wawili hawawezi kuwa wa kweli. Nani anaongopa?"

Njiani Nyanzala alikuwa ametayarisha maneno, na sasa yote yalimkimbia. Angeweza kunyamaza. Mkwe hazungumzi na baba mkwe habari za nyonga na tezi, na hata mzee mwenyewe asingemlaumu kwa kunyamaza. Adabu ilikuwa imemfungulia mlango wa kutokea, wazi kabisa.

"Baba," alisema hatimaye, "mashine yangu inaona zaidi ya inavyoruhusiwa kusema."

Mzee Mihayo alivua kofia, akaiweka gotini.

"Na wewe umeona."

Nyanzala alianza kujibu.

"Usiniambie," alisema mzee, akinyanyua kiganja. "Bado. Kasele ameambiwa nini?"

"Safi."

"Na Ntabo?"

"Safi, baba."

"Umeangalia za kwao kama ulivyoangalia yangu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wao si baba zangu."

Mzee aliigeukia mizinga. Alipozungumza, hakutumia ile sauti ya redio.

"Siku moja timu yetu ya nyumbani ilifunga goli la mkono. Mwamuzi hakuona, mimi niliona. Nikatangaza kwamba ni mkono. Walinirushia mawe nikiwa mle mle kibandani, na mama mkwe wako hakwenda sokoni mwezi mzima kwa kuogopa matusi. Sikujuta. Sasa wewe unanipa goli la mkono, mama. Nikilipokea, nitamtazamaje Kasele? Yeye na mimi tuliumwa mwaka mmoja, tukatibiwa wodi moja. Ukiweza kutuambia wote, tuambie wote. Ukishindwa, nibaki na hiyo safi yangu, na sitakulaumu mpaka nakufa."

"Nikiwaambia wote, leseni yangu itasimamishwa leo."

"Basi ni jambo kubwa, na ndiyo maana sikuombi. Nakuambia tu kile ambacho mimi ninaweza kupokea."

Nyanzala aliinua macho kidogo, akaiona mikono ya mzee imetulia juu ya ile kofia. Alielewa kwamba mzee yuko tayari kabisa kuiacha ile punje ikue mwilini mwake kuliko kupendelewa. Na pamoja na hofu iliyomjaa, alijiona ana bahati kuolewa katika nyumba ile.

*

Alasiri wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya stesheni wakinywa chai ya asali, wamechangamka, kila mmoja akiwa na neno lake la kijani. Nyanzala alisimama kwenye ngazi ya behewa la nne na kushika kipaza sauti. Koti jeupe alilivaa tena. Festo alikuwa pembeni, kishikwambi mkononi.

"Naandika," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Andika," alisema Nyanzala. "Andika na jina langu kamili."

Kisha akawageukia wazee.

"Baba zangu, shikamooni. Asubuhi mmeambiwa safi. Neno hilo halikuwa kamili. Mashine yetu inaona punje ndogo sana, na kamati imeamua kwamba zile ndogo kabisa tusiwaambie. Haikuamua hivyo kwa dharau. Baadhi ya punje hizo hazikui kamwe. Wapo watu walioambiwa wanazo, wakakimbilia tiba, na tiba ikawaumiza kuliko ugonjwa. Wapo walioacha kuishi kwa hofu. Lakini nyingine zinakua, na zikikamatwa zikiwa ndogo zinatibika kwa siku chache. Leo siwezi kumwahidi mtu kwamba yake ni ya aina gani. Ninachoweza kufanya ni kumuuliza. Kila mmoja atapanda peke yake, na nitamuuliza kama anataka kujua kila tunachoona, au anataka kujua yale tu yaliyo juu ya kizingiti. Majibu yote mawili ni ya mtu mwenye akili zake. Atakayekataa hatachekwa, na picha yake sitaifungua."

Ntabo aliweka kikombe chini.

"Mimi naanza," alisema.

Alipanda, akasikiliza swali, akatikisa kichwa kabla halijaisha. "Sitaki. Nina wajukuu wanne ndani na mizinga mia. Nikijua, kila kiuno kikiuma nitasema ndiyo hiyo. Niache hivi nilivyo."

"Nimekuacha, baba. Ukibadili mawazo, picha yako ipo."

"Asante kwa kuniuliza," alisema Ntabo, na akashuka amenyoosha mgongo.

Kasele alitaka kujua. Alikuwa na punje moja, karibu na mahali tezi yake ilipokuwa, lakini kipimo chake cha damu kilikuwa kimetulia miaka yote. Nyanzala alimweleza pande zote mbili, polepole, akarudia palipohitaji kurudiwa.

"Kumbe imelala," alisema Kasele.

"Inaonekana imelala. Siwezi kuapa."

"Basi siiamshi. Utaiangalia kila baada ya miezi mitatu. Ikijigeuza, unaniita."

Waliendelea kupanda na kushuka. Wengi walitaka kujua, wachache walikataa, na wengi wa waliotaka hawakuwa na kitu hata kwenye picha ghafi. Mmoja wa hao alimbusu Yustina mkono na kukimbia kama kijana. Mzee Mihayo alingoja mpaka wote wamalize.

Alipoingia aliketi kwenye kiti kilichotazamana na cha Nyanzala, magoti yao karibu yagusane.

"Mama," alisema, "nataka kujua kila kitu. Taja kila kiungo kwa jina lake. Leo nimekuruhusu mimi, na mizimu ikiuliza nitajibu mimi."

Nyanzala alimtazama machoni. Yalikuwa macho ya Shija, yamezeeka tu.

"Baba, saratani ya tezi dume imerudi. Iko sehemu moja tu tunayoiona, ndani ya tezi ya limfu kwenye nyonga ya kushoto. Ni ndogo sana, lakini kipimo chako cha damu kinapanda haraka, kwa hiyo sidhani kama imelala. Ingekuwa mimi, ningeichoma kwa mionzi miembamba, pale pale ilipo, siku tano hospitalini Dodoma. Tiba hiyo inaweza kukuletea shida ya tumbo au ya mkojo. Mara nyingi hupita. Si mara zote."

"Nionyeshe."

Akageuza kioo. Mzee alivaa miwani, akasogeza uso karibu.

"Kadogo hivyo?"

"Kadogo hivyo, baba."

"Na taa hii umeiunda wewe."

"Mimi na wenzangu."

Alikaa akiitazama ile punje kama mtu anayetazama mchezo ambao hataki uishe. "Nimetangaza magoli mengi," alisema. "Mengine mpaka leo watu wanayasimulia. Sijawahi kuona shuti lililopigwa kutoka mbali namna hii." Akavua miwani, akajifuta macho bila kuficha. "Nitakwenda Dodoma. Tuichome."

Jioni, kabla treni haijaondoka, Festo alimkuta Nyanzala akiteremsha sanduku lake. Daktari wa Tabora alikuwa amepanda kushika nafasi yake. Leseni ilikuwa imesimamishwa kwa ujumbe wa mistari miwili.

"Nimeandika ulichofanya," alisema Festo. "Sikupunguza. Kisha nimeandika nilichokiona: kwamba wazee wote wameondoka hapa kwa miguu yao, na hakuna hata mmoja aliyegawa ng'ombe. Treni nimeitetea. Itafika Kigoma."

"Wewe ungechagua nini, Festo? Ungekuwa mmoja wao."

Alifikiri kwa kweli. "Sijui," alisema. "Lakini nadhani ningependa kuulizwa." Akainama kuingia behewani.

Kurunzi ikaanza kusogea kuelekea Uvinza bila yeye. Nyanzala alisimama stesheni akiyahesabu mabehewa yake yakipita, na lilipopita la nne, kinu kikinguruma ndani yake, alijikuta ametabasamu. Wazee waliokuwa wamebaki walivua kofia.

*

Kamati ilikaa Dodoma baada ya kipupwe. Nyanzala alijieleza, na hakuomba radhi kwa kuwauliza wazee. Aliomba radhi kwa kitu kimoja: kwa kufungua picha ya mkwe wake kabla ya za wengine. Mwenyekiti, profesa mwenye sauti ya taratibu, alimsikiliza bila kumkatiza.

Lakini aliyewashika wanakamati alikuwa Ntabo. Walimwita kwa sababu alikuwa mmoja wa waliokataa kujua, na walitaraji atasema kizingiti kilimfaa.

"Kweli kilinifaa," Ntabo aliwaambia. "Sikutaka kujua, na mpaka leo sitaki. Lakini asubuhi ile mlikuwa mmekataa ninyi kwa niaba yangu. Jioni nilikataa mimi mwenyewe. Mnaona ni kitu kimoja?"

Profesa aliandika jambo, akalikata, akaliandika tena.

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Nyanzala alipewa miezi sita bila leseni, nje ya treni, kwa kuvunja sheria iliyokuwepo. Na sheria yenyewe ikaandikwa upya: neno safi likafutwa katika Mizani, damu ikawa inasomwa pamoja na picha, na hakuna mgonjwa atakayepewa majibu kabla ya kuulizwa anataka kujua kiasi gani. Nyanzala alizisikiliza sehemu zote mbili akiwa amesimama. Adhabu aliiona ya haki, na sheria aliiona nzuri, na alitoka ukumbini akiwa hana kinyongo na mtu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja hospitalini. Mzee Mihayo alikuwa amekwisha kuchomwa mionzi miezi mitatu nyuma, na siku hiyo ndiyo ya picha ya kuangalia matokeo. Nyanzala aliketi naye ukumbini, safari hii si kama daktari, akiwa amebeba koti la mzee na chupa ya maji. Ukumbi ulijaa wanaume wa rika lake, wengi wao wakitazama sakafu.

Daktari kijana aliwaita ndani. Alimuuliza mzee lile swali, neno kwa neno kama lilivyoandikwa na kamati na kutumwa hospitalini saa chache nyuma, na mzee akajibu kwamba anataka kujua yote na mkwe wake asikie.

"Kipimo cha damu kimeshuka mpaka hatukipati," alisema yule daktari. "Na kwenye picha hatuoni kitu, hata ile ghafi. Sisemi hakuna kitu, mzee wangu. Nasema hatuoni."

"Hilo ndilo neno nililokuwa nalitaka," alisema Mzee Mihayo, na akampa mkono kwa nguvu mpaka kijana akacheka.

Walipotoka, muuguzi mezani alimsimamisha.

"Mzee, tunahitaji mtu mmoja wa kupewa taarifa zako zote, hata zile ndogo kabisa. Nani?"

"Huyu hapa."

Muuguzi alimtazama Nyanzala, akakumbuka ameiona sura hiyo mahali. "Ni daktari wako?"

Nyanzala alifungua mdomo kueleza kwamba kwa sasa hana leseni, na kwamba yeye ni mkwe tu. Mzee Mihayo alimtangulia, kwa sauti ambayo zamani ilisikika mikoa mizima bila kupandishwa, na wanaume wote ukumbini wakainua nyuso zao.

"Andika binti yangu," alisema.